Kufanya Kazi katika Pabu ya Mtaani Uingereza: Mwongozo kwa Mgeni

Mtu aliyezoea baa za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, akipata kazi katika pabu ya mtaani nchini Uingereza, ataona kwanza yale yanayofanana: kaunta, glasi, televisheni yenye mpira, na mzee mmoja ambaye kiti chake hakikaliwi na mtu mwingine. Tofauti huanza mteja anapotaka kuhudumiwa. Kwetu mteja huketi, mhudumu humfuata mezani, humuuliza kama anataka bia ya baridi au ya moto, humfungulia chupa mbele ya macho yake, na hesabu hufanywa mwishoni, mara nyingi kwa kuangalia chupa tupu zilizo mezani. Katika pabu mteja huja mwenyewe kaunta, huagiza akiwa amesimama, hulipa papo hapo, kisha hubeba glasi zake hadi mezani.

Utaratibu huo ndio unaoiamua kazi yako yote. Wewe husogei, watu ndio wanaokujia, mara nyingine kumi kwa mpigo, na ni juu yako kujua nani alitangulia, nani bado mdogo kiumri, nani amekunywa vya kutosha, na nani amekuja kutafuta mazungumzo kuliko kinywaji. Kumimina bia utajifunza baada ya zamu chache. Hayo ya kuwasoma watu huchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo mwongozo huu unayoyasisitiza.

Kabla ya zamu ya kwanza

Sheria inamtaka mwajiri athibitishe kwamba una haki ya kufanya kazi nchini kabla hujaanza. Kwa wengi walio na viza, uthibitisho huo hufanyika kwa msimbo unaoutoa mwenyewe katika tovuti ya serikali, ambao hutumika kwa siku 90. Mwajiri huuingiza pamoja na tarehe yako ya kuzaliwa na kuona masharti ya viza yako. Namba ya bima ya taifa si kizuizi: ukiwa na haki ya kufanya kazi, unaweza kuanza huku ukiisubiri.

Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki hiyo huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Hakuna kufidia, yaani huwezi kufanya saa 28 wiki hii na 12 wiki ijayo ukadai kwamba wastani ni 20. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu pabu nyingi huishi kwa kuombana msaada wa dharura: mwenzako anaumwa, timu ya mtaa imeshinda, meneja anakupigia simu Ijumaa jioni kwa sauti ya upole. Weka daftari lako la saa na ujifunze kukataa kwa adabu, kwa kuwa anayehatarisha viza ni wewe.

Vaa viatu vyeusi vilivyofunika vidole na visivyoteleza. Sakafu ya nyuma ya kaunta huwa na maji, bia na vipande vya barafu usiku kucha.

Foleni isiyoonekana

Waingereza wanasifika kwa kupanga foleni, lakini katika pabu hawasimami mmoja nyuma ya mwenzake. Hujipanga ubavu kwa ubavu kando ya kaunta, kila mmoja akijua kimoyomoyo aliyemtangulia na aliyemfuata, na wakitarajia kwamba wewe pia unajua. Tangu janga la UVIKO-19 pabu nyingine zimeona wateja wakipanga mstari kama wa benki, jambo ambalo wazee wa pabu hulilalamikia kwa uchungu, lakini desturi ya zamani ndiyo unayopaswa kuimudu.

Njia ya kuimudu ni hii. Kila mtu anapofika kaunta, hata kama mikono yako imeshika glasi mbili, mtazame usoni mara moja na umtikisie kichwa kidogo. Ishara hiyo inamwambia kwamba umemwona na umeiandika nafasi yake, na akishaipata anaweza kusubiri dakika tano bila kinyongo. Asipoipata, dakika moja inatosha kumkasirisha. Unapomaliza na mteja mmoja, kama huna hakika, uliza kwa sauti ya wazi, “Who's next, please?” Mara nyingi utaona jambo la kupendeza: mtu uliyemgeukia kwa makosa atamwonyesha jirani yake na kusema kwamba huyo ndiye aliyetangulia. Mtu anayepunga noti hewani au kugonga kaunta kwa sarafu amevunja desturi, na huna wajibu wa kumtanguliza. Usimkaripie, mhudumie tu zamu yake ikifika.

Mteja mmoja huagizia kundi zima. Hii ni desturi ya raundi, na msomaji anayejua kutoa ofa ataielewa mara moja, isipokuwa kwamba hapa ofa huzunguka kwa zamu na kila mtu anatarajiwa kurudisha. Kwa hiyo utasikia orodha ya vinywaji sita kwa pumzi moja. Rudia orodha kwa sauti kabla ya kugusa glasi yoyote, kisha panga mwenyewe utaratibu wa kumimina. Kama kuna Guinness, ianze hiyo: jaza glasi kwa robo tatu, iache itulie kwa takriban dakika mbili huku ukimimina nyingine, kisha irudie kuijaza. Mteja anayeitaja Guinness mwisho, baada ya vingine vyote kuwa tayari, ni kero inayojulikana na wahudumu wote wa nchi hiyo, nawe ukitaka kuikwepa uliza mapema kama orodha imekamilika.

Vipimo na namna ya kumimina

Bia ya bomba huuzwa kwa painti, ambayo ni mililita 568, yaani zaidi kidogo ya chupa ya mililita 500 tuliyoizoea Afrika Mashariki. Huuzwa pia kwa nusu painti, theluthi moja, na tangu 2011 kwa theluthi mbili. Mbali na vipimo hivyo na vizidisho vya nusu painti, hakuna kipimo kingine kinachoruhusiwa kisheria kwa bia ya bomba, hata kama mteja ni rafiki yako. Gini, ramu, vodka na wiski hupimwa kwa toti ya mililita 25 au 35. Kila nyumba, yaani kila pabu, huchagua kipimo kimoja na kukitangaza, na kumimina kwa kukisia ni kosa. Mvinyo wa glasi huwa wa mililita 125, 175 au 250. Mteja asipotaja ukubwa, muulize, na umjulishe kwamba glasi ndogo ipo, kwa sababu sheria inaitaka nyumba iwe nayo.

Kwa laga, shika glasi safi ikiwa imeinama karibu nyuzi 45, fungua bomba lote kwa mara moja, na uinyooshe taratibu inapokaribia kujaa. Mdomo wa bomba usizame ndani ya bia, na usimjazie mteja glasi aliyoitumia pale ambapo nyumba inataka glasi mpya kila mara. Povu ni suala la mkoa. Kaskazini, hasa Yorkshire na Lancashire, wanataka povu zito linalosimama. London na kusini kwa jumla wanataka glasi ijae bia hadi karibu na ukingo. Mwongozo wa wafanyabiashara wa bia unataka angalau asilimia 95 ya painti iwe kimiminika baada ya povu kutulia, na mteja akiomba aongezewe, mwongezee bila kununa.

Bia ya asili ya Kiingereza, inayoitwa eili, ndiyo itakayokushangaza. Huendelea kuchachuka ndani ya pipa lake, haisukumwi kwa gesi, na huvutwa kutoka ghala la chini ya ardhi kwa mpini mrefu ulioko kaunta. Vuta mpini kwa mkono uliotulia, mivuto mirefu, usiusukume kwa pupa. Ghala huwekwa kwenye nyuzijoto 11 hadi 13, kwa hiyo bia hiyo huwa na ubaridi wa wastani, nayo si bia iliyosahaulika nje ya friji. Pipa likishafunguliwa, bia yake ni nzuri kwa takriban siku tatu. Mashabiki wake wana chama chao kinachoitwa CAMRA, kilichoanzishwa 1971, na usishangae kumwona mzee akiinua glasi kwenye taa kuichunguza kama daktari anayesoma picha ya eksirei. Akisema bia ina uchachu wa siki, inuse, mbadilishie, na umwarifu meneja. Ubishi juu ya bia iliyoharibika huigharimu nyumba zaidi ya painti moja.

Jambo moja la usalama halina mzaha. Ghala lina mitungi ya gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo haina harufu na inaweza kumzimisha mtu ndani ya muda mfupi. Kengele ya gesi ikilia, toka kwanza, funga mlango, ndipo utoe taarifa. Usishuke kumwokoa mwenzako bila vifaa.

Kuzungumza na watu

Salamu za Kiswahili hupita hali, nyumbani, kazini na watoto kabla ya kufikia shida. Salamu ya pabu ni fupi sana. Mtu anayekuambia “You all right?” hataki habari za afya yako, jibu kwa neno moja au mawili, kisha muulize anachotaka kunywa. Ufupi huo si ubaridi wa moyo. Kwa upande wa pili, maneno ya kuomba na kushukuru hurudiwa mno kuliko tunavyozoea, kwani katika muamala mmoja wa painti moja mnaweza kushukuriana mara nne: anapoagiza, unapompa glasi, anapolipa, unapomrudishia kadi. Kwetu heshima hukaa ndani ya “naomba” na “shikamoo” na katika sauti yenyewe. Kwao hukaa katika maneno hayo madogo, na ukiyaacha utaonekana mkali hata kama moyoni huna neno.

Utaitwa majina ya mapenzi na watu usiowajua. Huko Yorkshire mama wa miaka 70 atakuita “love”, Nottingham na Stoke utaitwa “duck”, Newcastle “pet”, na Glasgow mwanamke huitwa “hen”. Hayo ni sawa na mtu wa Pwani anayemwita kila kijana “mwanangu”. Hayana mahaba ndani yake wala hayatafuti jibu.

Wateja wa kila siku ndio nguzo ya pabu ya mtaani, hasa mchana wa siku za kazi. Jifunze vinywaji vyao haraka, kwani anayesema “same again” anategemea kwamba unakumbuka. Usiulize kwa nini mtu fulani huketi peke yake kila siku kwenye kona ileile. Hali ya hewa, mpira, mbwa wake na barabara iliyofungwa kwa matengenezo ni mada salama. Mshahara, dini, na maswali ya mbona hujaoa au hujapata mtoto, ambayo nyumbani huulizwa kwa nia njema kabisa, huku huchukuliwa kuwa ni kuingilia siri za mtu.

Kisha kuna utani, ambao ndio lugha halisi ya pabu. Mtu akianza kukudhihaki kwamba painti yako imepungua au timu yako imefungwa, kwa kawaida amekukubali. Msomaji aliyekulia katika utani wa makabila ana faida kubwa hapa: anajua kwamba mtani hujibiwa kwa utani, na kwamba anayekasirika ndiye anayeshindwa. Tofauti ni kwamba utani wa kwetu una mipaka ya jadi, Mzaramo anajua watani wake, ilhali huku mipaka hujulikana kwa kuzoeana tu. Subiri mpaka umjue mtu ndipo umrudishie. Kejeli juu ya rangi yako, dini yako au mwili wako haihesabiwi kuwa utani, na huna haja ya kuitabasamia. Mwambie meneja palepale. Sheria ya Usawa ya 2010 inakulinda kazini, na mwenye nyumba ana haki ya kumpiga mteja marufuku; wenye pabu zinazojiheshimu huitumia.

Mbwa huruhusiwa katika pabu nyingi. Asiyependa kuwagusa kwa sababu ya dini au malezi halazimiki. Bakuli la maji karibu na mlango linatosha kumridhisha mwenye mbwa.

Pale sheria inapokugusa wewe

Uuzaji wa pombe Uingereza yenyewe (England) na Wales unaongozwa na Sheria ya Leseni ya 2003, na Uskoti ina sheria yake ya 2005, ambayo inamtaka mhudumu apewe mafunzo kabla ya kuuza. Jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii ni kwamba makosa mawili makubwa humwangukia aliyeuza, si mwenye pabu peke yake: kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, na kumuuzia mtu aliyekwisha kulewa. Kwa kila moja, Uingereza na Wales, polisi wanaweza kukutoza pauni 90 papo hapo, na kesi ikifika mahakamani faini inaweza kuwa kubwa zaidi.

Kwa umri, pabu nyingi hufuata kanuni ya kumdai kitambulisho kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 25, na Uskoti kanuni hiyo ni lazima. Pokea pasipoti, leseni ya udereva yenye picha, au kadi ya uthibitisho wa umri yenye alama ya PASS ya kung'aa. Picha ya kitambulisho iliyopigwa kwa simu isikushawishi. Uso wa kijana wa Kizungu ni mgumu kuukadiria kwa macho ya mgeni, kwa hiyo dai zaidi kuliko unavyodhani inahitajika; mwenye miaka 30 ataichukulia kuwa sifa. Mwenye miaka 16 au 17 anaweza kunywa bia, mvinyo au saida (pombe ya tufaha) pamoja na mlo mezani, ikiwa yupo na mtu mzima na mtu mzima huyo ndiye aliyenunua, ingawa nyumba ina hiari ya kukataa hata hapo.

Kumkatalia mlevi ni kazi ya sauti ya chini. Msogelee kando, mbali na rafiki zake, usimwambie kwamba amelewa, mwambie tu kwamba huwezi kumuuzia zaidi usiku huu na kwamba leseni hairuhusu. Mpe maji, ambayo sheria inataka yatolewe bure kwa mteja anayeyaomba, na jitolee kumwitia teksi. Waarifu wenzako mara moja, maana atajaribu upande wa pili wa kaunta, kisha uandike tukio katika daftari la waliokataliwa.

Chakula, zawadi na kengele

Mlo mkuu wa wiki ni nyama ya kuokwa ya Jumapili mchana, inayoandaliwa na viazi, mboga na mchuzi mzito. Siku nyingine ni samaki na chipsi, pai na baga. Unalopaswa kulikariri ni orodha ya vyakula 14 vinavyoweza kumdhuru mtu mwenye mzio, kama karanga, maziwa, mayai, ufuta na samakigamba. Mteja akikuuliza, usijibu kwa kukisia. Leta kitabu cha nyumba au muulize mpishi. Msomaji Mwislamu ajue pia kwamba vile vipande vikavu vya kutafuna vinavyouzwa pakitini kando ya krispi mara nyingi ni ngozi ya nguruwe.

Kaunta haina desturi ya bakshishi. Badala yake, mteja aliyeridhika husema “and one for yourself”, akikualika ujinunulie kinywaji kwa hesabu yake. Shukuru, chukua thamani ndogo, kama ya nusu painti, na ufuate kanuni ya nyumba: wengine huweka fedha hiyo katika glasi maalumu, wengine huruhusu soda. Asiyekunywa pombe hana la kueleza. Bakshishi za mezani na za kadi, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mwajiri anatakiwa na sheria azigawe zote kwa wafanyakazi kwa haki bila kukata chochote isipokuwa kodi inayotakiwa kisheria.

Saa za kufunga hutegemea leseni ya kila nyumba, ingawa saa tano usiku bado ni ya kawaida mitaani. Kengele hupigwa kwanza kuwajulisha watu waagize kwa mara ya mwisho, kisha hupigwa tena muda ukiisha. Baada ya hapo usiuze hata toti moja. Wape muda wa kumalizia glasi zao, anza kupanga viti na kufuta meza zilizo mbali nao, na waage kwa majina unayoyajua. Ndiyo njia ya heshima ya kuwatoa watu bila kuwafukuza.

Mshahara na hatua inayofuata

Kima cha chini cha mshahara hubadilishwa kila Aprili. Kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, na pauni 10 kwa mwenye 18 hadi 20, hivyo angalia kiwango kipya kila mwaka na ukilinganishe na hati yako ya malipo. Muda wa kusafisha baada ya kufunga ni muda wa kazi na unapaswa kulipwa. Zamu inayozidi saa sita inakupa haki ya mapumziko ya dakika 20, na likizo ya malipo ni wiki 5.6 kwa mwaka, ikipunguzwa kwa uwiano kwa wasiofanya kazi muda wote. Kukitokea mgogoro, shirika la ACAS hutoa ushauri bure kwa simu.

Anayeipenda kazi hii, na ambaye viza yake inamruhusu, anaweza kusomea cheti cha leseni binafsi, mafunzo ambayo kwa kawaida huchukua siku moja pamoja na mtihani. Ombi hupelekwa kwa halmashauri ya eneo unaloishi pamoja na ada ya pauni 37 na hati ya kutokuwa na makosa ya jinai, na kwa Uingereza na Wales leseni hiyo haina tarehe ya mwisho. Mwenye leseni hiyo anaweza kuidhinisha mauzo ya pombe kwa jina lake, na ndiye meneja anayemtafuta anapohitaji mtu wa kumwachia funguo za nyumba.